Viti vya dainingi: kwa nini kiti kizuri cha Dar kinaanza kulegea kikifika Gulwe

Siku hizi kiti kinanunuliwa kwa kidole. Unapitisha picha kwenye simu, unakutana na seti ya viti sita, miguu myembamba, kikalio cha mahameli ya kijani. Unauliza bei, unatuma hela. Mzigo unapanda lori Dar es Salaam, unashushwa Mpwapwa au Gulwe, majirani wanakuja kuona. Mpaka hapo kila mtu ana furaha.

Kimbembe kinaanza miezi michache baadaye. Kiti kinalia ukiegemea. Mguu mmoja unacheza. Bibi akikaa, miguu yake inaning'inia kama ya mtoto aliyewekwa juu ya kaunta ya duka. Na ile kijani nzuri imeshakuwa rangi ya vumbi.

Si lazima uwe umeuziwa kiti kibaya. Mara nyingi ni kiti kizuri tu, ila kilitengenezwa kwa ajili ya mwili mwingine, meza nyingine na hewa nyingine. Hayo matatu picha haiwezi kukuonyesha. Tuanze na hewa, maana ndiyo watu wanaisahau kabisa.

Hewa ya kanda ya kati inakunywa mbao

Mti ukikatwa unakuwa na maji mengi ndani. Mbao inaendelea kuyapoteza mpaka ilingane na hewa ya mahali ilipo. Dar ipo pembeni ya bahari na hewa yake ina unyevu karibu mwaka mzima, kwa hiyo mbao "iliyokauka" kule bado imebaki na maji. Ilete huku Dodoma, ambako mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, halafu inafuata miezi mingi ya jua na upepo mkavu. Hewa itaendelea kuyanyonya yale maji yaliyobaki, hata kama kiti kimeshapigwa vanishi na kiko sebuleni.

Mbao ikipoteza maji inasinyaa, lakini haisinyai sawasawa. Kwa urefu ni kidogo sana, huwezi kuona. Kwa upana ndiyo inapungua.

Sasa geuza kiti chako uangalie chini. Mguu na fremu ya kikalio vimeungana kwa ulimi wa mbao ulioingizwa kwenye tundu na kutiwa gundi. Ulimi ukisinyaa, hata kwa unene wa karatasi, gundi inaachia na kiungo kinaanza kucheza. Kila anayeegemea anakipanua zaidi. Ndiyo maana kiti kinaweza kuwa imara kabisa Januari na kikaanza kulia Agosti bila mtu yeyote kukiangusha.

Meza nayo inasinyaa, ila meza haibebi mtu anayejinyonganyonga. Kiti kinabeba uzito unaotembea mbele na nyuma, na nguvu yote inaishia pale ambapo egemeo linakutana na kikalio. Viti vingi vya mbao vinaanzia kufa hapo.

Sasa ufanyeje? Kama unatengenezesha kwa fundi seremala, muulize mbao imekaa muda gani tangu ipasuliwe, na imekaa wapi. Mbao iliyopangwa kwa vijiti katikati ili upewe upite, chini ya paa, kwa miezi mingi, ni tofauti na ile iliyoshuka kwenye lori wiki iliyopita. Ukiweza, nunua mbao mapema, iache hapa hapa kwenye hewa utakayoishi nayo, ndiyo fundi aanze kuunganisha. Hii ndiyo faida kubwa ya fundi wa Mpwapwa au Dodoma mjini dhidi ya karakana za Keko: mbao yake imeshaonja hewa yako.

Kama unanunua kilichokwisha tengenezwa, fanya vitu viwili. Kwanza, shika egemeo kwa mkono mmoja na kikalio kwa mwingine, usukume na kuvuta. Kisicheze hata kidogo. Pili, tafuta vile vipande vya pembetatu kwenye kona za ndani ya fremu, chini ya kikalio. Kiti chenye vipande hivyo vya kona, vilivyofungwa kwa skrubu na gundi, kina mtu wa pili wa kumsaidia ulimi. Ukikuta kona zimepigwa misumari tu, jua umri wake.

Mninga, mtiki, paina: tofauti yake ni nini?

Mninga una jina kubwa na jina hilo limestahili. Ni mti wa misitu ya miombo, kule Tabora na Katavi, na moja ya sifa zake ni kwamba unasinyaa kidogo sana ukikauka. Kwa sehemu kavu kama yetu hiyo ni sifa ya dhahabu. Mchwa nao hawaupendi. Lakini hapo kuna mtego: kinachosifiwa ni kiini, ile sehemu ya kahawia au nyekundu-nyekundu. Sehemu ya nje, ile nyeupe inayoelekea njano, wadudu wanaitafuna vizuri tu. Vanishi nyeusi inaficha tofauti hiyo. Omba kukiona kiti kabla hakijapakwa.

Mtiki ni wa kupandwa, mashamba makubwa yako Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero. Ni imara na hauna maringo ya kupinda. Paina, nyingi inatoka Sao Hill wilayani Mufindi, ni nyepesi na bei yake inavumilika, ila ni laini na mchwa wanaiona kama ugali, isipokuwa kama imewekwa dawa. Inafaa kwa viti kama fundi hakubania unene wa miguu. Mkaratusi una tabia ya kupasuka na kupinda ukikauka, kwa hiyo kwenye kiti cha kulia chakula mimi ningeuacha.

Halafu kuna zile mbao za unga uliobanwa, zenye karatasi ya nakshi juu. Kwa kabati la ndani, sawa. Kwa kiti, hapana. Skrubu haishiki vizuri kwenye unga, na maji yakiingia inavimba na hairudi tena. Gulwe si mahali pa kucheza na maji. Kipande cha reli kati ya Kilosa na hapa kimeshakatwa na mafuriko mara nyingi, na mvua kubwa za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilisimamisha treni za abiria kwa miezi. Nyumba inayoweza kuingiwa na maji, hata ya kifundo cha mguu, inahitaji miguu ya kiti ambayo ukiikausha inabaki mguu.

Sentimita 30 zinazoamua kila kitu

Hapa chukua futi kamba. Pima meza yako kutoka sakafuni hadi juu. Meza nyingi za chakula zina sentimita 75 hivi. Kisha pima kiti, kutoka sakafuni hadi juu ya kikalio, mtu akiwa amekaa kama kina sponji, kwa sababu sponji inashuka. Viti vingi vinakuja na sentimita 45.

Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inayokupa raha au mateso. Inatakiwa iwe sentimita 25 hadi 30. Ikipungua hapo, mapaja yanagusa ubao wa pembeni chini ya meza. Ikizidi sana, meza inakufika kifuani na unakula umenyanyua mabega kama unayesikia baridi. Ukinunua meza duka hili na viti duka lile bila kupima, unacheza bahati nasibu.

Halafu kuna miguu yako wewe. Kiti kikiwa kirefu kuliko urefu wa mguu wako kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, ukingo wa kikalio unabana paja kwa chini, damu inapita kwa shida, na ndani ya nusu saa unaanza kuhisi ganzi. Wanaoteseka zaidi ni wafupi, na wazee ambao hawawezi kuhama-hama kwenye kiti. Dawa yake haina gharama: fundi apunguze miguu sentimita 2 au 3. Hakikisha tu miguu yote minne imepunguzwa sawa, na kwamba meza bado inaendana.

Kina cha kikalio nacho kina kipimo chake. Kaa mpaka mgongo uguse egemeo. Kati ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti zipite vidole vitatu hivi. Zisipopita, kikalio ni kirefu mno: utakaa mbele bila kuegemea, na hilo egemeo zuri ulilolilipia litabaki pambo. Sentimita 40 hadi 45 zinawatosha watu wengi.

Vipi kuhusu egemeo? Lisiwe wima kama ukuta, wala lisilale kama la sofa. Sisi ugali tunakula kwa mkono na tunainama mbele kufuata sahani, kisha tunaegemea wakati wa stori. Egemeo la kulala linakulazimisha uvute mwili kila tonge. Linalofaa ni lile lililoinama nyuma kidogo tu na linalokushika pale juu ya kiuno.

Wazee tuwazungumzie peke yao. Mtu mwenye magoti mabovu hanyanyuki kwa miguu, ananyanyuka kwa mikono. Kama nyumbani kuna babu au bibi, viti viwili kati ya sita viwe na mikono ya kushikia, na pima kama mikono hiyo inaingia chini ya meza. Isipoingia, kiti kitakaa mbali na sahani na mzee atamwagia chakula mapajani, halafu watu watasema amezeeka, kumbe ni kiti.

Na ukikaa dukani, usikae sekunde tano ukasema "kiko poa". Kaa dakika kumi, piga simu zako hapo hapo. Kiti kibaya kinajitaja chenyewe kufika dakika ya saba.

Jaribio la mlenda

Dodoma tuna kitu ambacho wabunifu wa viti hawakukifikiria: mlenda. Kabla hujachagua kitambaa, jiulize swali moja. Tonge la ugali wa uwele lenye mlenda likidondoka hapa, nitafanya nini?

Mahameli inapendeza kwenye picha kuliko kitambaa chochote, kwa sababu inakamata mwanga. Bahati mbaya inakamata na vumbi, na ule utelezi wa mlenda unaingia kwenye manyoya yake ukakauka humo. Kama roho yako iko kwenye mahameli, chagua kiti ambacho kikalio kinafunguliwa kwa skrubu nne kutoka chini, ili uweze kubadilisha kitambaa bila kuvunja kiti. Hata kwa vitambaa vingine hiki ni kitu cha kuuliza kila mara.

Ngozi ya bandia inafutika kwa kitambaa chenye maji na kwa wiki za mwanzo utajipongeza. Ila ni ya plastiki: wakati wa joto inanata kwenye ngozi yako, na ile ya bei rahisi inaanza kubanduka magamba baada ya muda, hasa mahali mikono yenye mafuta inaposhika. Kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, cha rangi ya kati, si nyeusi inayoonyesha vumbi wala si krimu inayoonyesha mchuzi, ndicho kinachoishi na watu bila ugomvi.

Sponji nayo ni suala la uzito, si unene. Sponji nene lakini nyepesi ni tamu siku ya kwanza, baada ya muda inalala na unabaki umekalia ubao. Bonyeza kwa ngumi kwa nguvu. Ukihisi ubao chini mara moja, na sponji ikichelewa kurudi, mwambie muuzaji ahsante. Kwa kiti cha chakula, sponji ngumu ya sentimita 4 au 5 inatosha sana.

Au achana na sponji kabisa. Mwaka 1949 mbunifu wa Denmark, Hans Wegner, alichora kiti ambacho mpaka leo kinauzwa bei ya kutisha, na kikalio chake kimesukwa kwa mkono, karibu mita 120 za kamba ya karatasi kwa kiti kimoja. Watu wa mitandaoni wanakipenda kufa. Sasa sisi tulikulia kwenye vitanda vya kamba. Mafundi wanaojua kusuka kamba ya katani au ukanda wa ngozi ya ng'ombe bado wapo vijijini, na hapa ni nchi ya wafugaji. Kikalio cha kusuka kinapitisha hewa, hakishiki vumbi kama mahameli, na kikilegea kinakazwa upya. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ambayo kiti cha kisasa kinaweza kutoka Gulwe bila kuiga mtu: fremu nyembamba ya mninga au mtiki, kikalio cha kamba.

Vya chuma na vya plastiki je?

Chuma hakisinyai, hapo kimeshinda. Angalia vitu vitatu tu: unene wa bomba (lile ambalo ukilibonyeza kwa vidole linaingia ndani, liache), mshono wa kuchomelea uwe umezunguka kiungo chote na si vidoti vidoti, na mwisho wa miguu uwe na vifuniko vya mpira. Bila mpira, chuma kinakwaruza sakafu na kuanza kutu kwa chini, hasa nyumba inayopigwa deki kila asubuhi.

Vile vya ganda la plastiki na miguu ya mbao ni watoto wa kiti cha Charles na Ray Eames wa Marekani, kilichoanza kuuzwa 1950. Vinapendeza, vinafutika, na mlenda havijui. Udhaifu uko pale ganda linapokutana na miguu: skrubu nne zinabeba kila kitu, kwa hiyo kaza mara kwa mara. Na usiviache barazani. Jua letu linaifanya plastiki ipauke na iwe kavu, siku moja inapasuka na mtu juu yake.

Kuhusu kuyumba

Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi, hata kwenye udongo wa tembe. Sababu yake si uchawi: nukta tatu zinakaa chini zote siku zote, ya nne ndiyo inayoleta ubishi. Kwa hiyo kiti cha miguu minne kikiyumba, usimlaumu fundi kabla hujakihamishia sehemu nyingine. Kikitulia, kosa ni la sakafu. Kikiendelea kuyumba kwenye sakafu iliyonyooka kabisa, basi ni kiti.

Vingapi, na ulipe vipi

Nyumba mpya zinaongezeka kuzunguka stesheni tangu SGR ilipopita, na treni za umeme kati ya Dar na Dodoma zilianza Julai 2024. Nyumba nyingi zina sebule yenye kona ya kulia chakula, lakini kona ni ndogo. Kila mlaji anahitaji kama sentimita 60 za ukingo wa meza, na nyuma ya kiti ibaki nafasi ya sentimita 75 au zaidi ili mtu aweze kutoka bila kuwasimamisha wengine. Piga hesabu hiyo kabla ya kusema "sita". Viti vinne imara na benchi moja linalosukumwa chini ya meza vinabeba watoto na wageni kuliko viti sita dhaifu. Nikiambiwa nichague kati ya idadi na ubora, nachagua ubora, na wageni wawili waliozidi watakaa kwenye benchi bila kununa.

Kuhusu usafiri, kuna somo la zamani. Kampuni ya Thonet ya Austria ilitoa mwaka 1859 kiti cha vipande sita, skrubu kumi na nati mbili. Vikifunguliwa, viti 36 viliingia kwenye boksi la mita moja za ujazo. Ukiagiza kutoka mbali, uliza kama kiti kinafunguliwa. Kinachokuja vipande hakivunjiki egemeo kwenye lori, na kikilegea unakaza mwenyewe.

Kwa fundi, usilipie seti nzima. Lipia kiti kimoja cha mfano. Kikiisha, kipeleke nyumbani, kiweke kwenye meza yako, akalie mfupi kuliko wote na mzito kuliko wote, mle chakula cha jioni mara mbili tatu. Rekebisheni urefu, kina na egemeo kwenye hicho kimoja, ndipo atengeneze vilivyobaki kwa kukifuata. Mkubaliane kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu: aina ya mbao, unene wa mguu kwa inchi, vipande vya kona, tarehe. Omba na risiti ya mbao. Mninga na miti mingine ya asili huvunwa kwa kibali cha TFS, na fundi mwenye karatasi hana wasiwasi ukimuuliza.

Vikishafika, bandika vipande vya mpira au ngozi chini ya miguu, na uwe unavihamisha wakati wa kufagia. Mchwa wanapenda kitu kisichoguswa, na njia yao ya udongo kwenye mguu wa kiti ukiiwahi unaifuta kwa kidole. Kisha weka alama kwenye simu, wiki ya mwisho ya Agosti, wakati ukavu umekolea: pindua viti vyote, kaza skrubu zote, na kiungo chochote kinachocheza kirudishiwe gundi na kufungwa kwa kamba usiku kucha kabla hakijavunja ulimi.